Bwana Harusi na Pazia la Nailoni

"Mwanamume anayerudi kutoka kazini akiwa msafi kuliko alivyoondoka," alisema mshonaji, sindano zikiwa zimebanwa mdomoni, "huyo, mwenzangu, haendi kazini."

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa jirani yake wa mlango wa kuelekeana, mama mdogo ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Kifaranga. Jina hilo hakulipata kwa kufuga kuku. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika viti, alikuwa na kifua kinacholia. Akilala utasikia pii, pii, pii, kama kifaranga aliyepotezana na mamaye. Watu wakacheka, wakampa mtoto jina, na mama akacheka pamoja nao, maana jina ukipewa na nyumba nzima huna pa kulirudisha. Lakini usingizi wake ulikuwa nusu. Sikio moja lililala, lingine lilibaki juu ya kifua cha mwanawe.

Siku hiyo mshonaji alikuwa akimsema mpangaji wa chumba cha juu, kile cha mwisho wa ngazi.

"Tena amenyoa! Kila asubuhi ya Mungu. Jumapili ananyoa, akiumwa ananyoa. Ndevu hazipewi nafasi hata ya kuchungulia. Mwanamume wa umri ule anamnyolea nani, na mkewe yuko mbali anapika kwenye shule ya bweni? Na ile mistari ya mashavuni umeiona? Kucha zile! Mteja wangu mmoja kamwona, kwa macho yake haya mawili, akiingia nyumba tupu na mwanamke. Wakatoka wanacheka. Nyumba tupu, jamani! Walifuata nini humo, mwangwi?"

Mama Kifaranga, aliyekuwa ameketi kizingitini akimtoa mtoto uzi mdomoni, alicheka huo mwangwi mpaka akashika ubavu.

"Labda anauza nyumba," alisema.

"Wewe nawe! Kwa roho nyeupe namna hiyo utauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia utalipenda."

Kwa sababu ya usafi wake huo, yule wa juu aliitwa Bwana Harusi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye begi kubwa la turubai na hatua za kunyemelea kama anayeogopa kuamsha watoto. Kazi yake hakuna aliyeijua sawasawa. Wengine walisema fundi rangi, wengine fundi dari. Mshonaji, kama mlivyosikia, alikuwa na maelezo yake.

Mama Kifaranga hakuwa mtu wa maneno mengi. Shule aliiacha alipomaliza darasa la mwisho la msingi, lakini macho yake hayakuacha kusoma. Kitu kimoja alikuwa amekiona ambacho mshonaji hakukitaja: maziwa ya Bwana Harusi yaliungua kila mara. Harufu ilishuka ngazi, ikajaa korido, majirani wakaziba pua, na yeye bado yuko juu anapiga mluzi mpaka mtu ampigie kelele. Mwenye pua nzima angekaaje na moshi ule? Mama Kifaranga hakujua afanye nini na jambo hilo. Alilihifadhi tu, kama mtu anavyookota kifungo asichojua ni cha nguo gani.

Basi siku moja alimpeleka mtoto kliniki kwa ajili ya kile kifua. Muuguzi akasikiliza mbele na nyuma, akampa dawa, kisha akamuuliza, "Mama, anapolala pakoje? Kuna moshi? Kuna unyevunyevu?"

Swali lile alirudi nalo nyumbani kama mzigo kichwani. Moshi haukuwapo, jikoni palikuwa nje. Alikung'uta godoro, akaanika blanketi, akatazama chini ya kitanda. Likabaki kabati. Lilikuwa kabati zito la mbao, urithi wa upande wa mume, na tangu waingie chumba kile halikuwahi kusogezwa, maana kulisogeza kulitaka wanaume wawili na ugomvi mmoja. Akamfunga mtoto mgongoni, akaegemeza bega, akasukuma. Kabati likalia, likasogea.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeota ndevu.

Chumba kile, nusu ya chini ya ukuta ilikuwa imepigiliwa mbao laini nyembamba ili kuficha nyufa. Sasa mbao zile zilikuwa nyeusi tii, na juu ya weusi kuna kijani, na juu ya kijani kuna manyoya meupe. Mama Kifaranga alibaki kinywa wazi. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa kucheka hata akiwa na hofu, akajisemea: wa juu ananyoa, ukuta wangu unafuga.

Akaenda kuchukua fagio.

"Weka chini hilo fagio! Usiguse!"

Nusura aruke. Bwana Harusi alikuwa amesimama mlangoni, begi begani. Alikuwa akipita kuelekea ngazini akauona ule ukuta. Hakuvuka kizingiti.

"Samahani sana, mama. Nimekupigia kelele mlangoni kwako."

"Nafagia uchafu tu," alisema Mama Kifaranga.

"Huo si uchafu, ni shamba. Kuvu hiyo ukiipiga fagio ikiwa kavu unaitawanya chumba kizima. Itaingia kitandani, kwenye nguo, kwenye..." Alimwangalia mtoto mgongoni, aliyekuwa amelala na kifua kikilia pii, pii, na hakumalizia. "Mtoe kwanza mtoto. Tutaongelea huku nje."

Wakasimama koridoni. Mashine ya mshonaji, ambayo tangu asubuhi ilikuwa haipumziki, ghafla ikanyamaza. Masikio yake yalikuwa kazini.

"Unasikia harufu gani humo ndani?" aliuliza Bwana Harusi.

Mama Kifaranga akadhani anapimwa. "Kama gunia lililolowa likasahauliwa. Na kwa chini kuna kitu kama udongo wa chungu cha maua."

"Inazidi wapi? Juu au chini?"

Akarudi hatua moja, akanusa. "Chini. Kona ile ya kushoto."

Bwana Harusi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari aliyeonyeshwa panapouma. "Basi bomba la bafuni linavuja nyuma ya kona hiyo. Kazi yangu ndiyo hii, mama. Naondoa kuvu kwenye majengo: maofisi, maghala, nyumba za watu."

Nyuma ya mlango ulio nusu wazi, kitu kilianguka. Ulikuwa mkasi wa mshonaji.

Mwenye nyumba alipoitwa, alikuja na tumbo lake mbele na dawa yake mfukoni. "Pakeni rangi," alisema. "Nyeupe. Mara mbili. Yameisha."

"Mzee, kuvu ukiipaka rangi umeivisha shati," alisema Bwana Harusi. "Haijahama, imependeza tu."

"Ukuta wangu ni imara."

"Jaribu kuugusa kwa ufunguo."

Mwenye nyumba akatoa ufunguo wa gari lake, akauchomeka kwenye ubao kwa dharau. Ufunguo ukazama wote, kama kisu kwenye mkate uliolowa. Kuutoa ndiko kulikuwa kazi. Alipoutoa aliutazama, akaunusa, akakunja uso, na habari ya rangi haikusikika tena. Fundi bomba aliitwa siku hiyohiyo, bomba likazibwa pale lilipovuja. Mambo ya malipo mwenye nyumba na Bwana Harusi waliyamaliza wenyewe.

Ikabaki wapi mama na mwana walale. Hapo ndipo utajua kwamba mdomo mrefu haumaanishi mkono mfupi. Mshonaji alitoa vitambaa vyote kwenye kitanda chake cha pili, akakitandika.

"Njooni kwangu," alisema. "Mtoto wako ni wangu. Sharti langu moja tu: huyo Bwana Harusi asije kuniulizia chumbani usiku."

"Nani kakwambia atakuulizia wewe?"

"Ah, mwenzangu, na mimi nina umbo."

Mama Kifaranga akampigia simu mumewe, aliyekuwa safarini na lori. "Fundi gani huyo?" mume aliuliza. "Yule wa juu? Yule anayenyoa?"

Umbea wa mshonaji, kumbe, ulikuwa umeshapanda lori.

"Huyohuyo. Mtoto anapumua kuvu, baba."

"Basi afanye. Lakini yule mshonaji awe karibu."

"Yeye akiwa mbali, nyumba hii itaanguka."

Asubuhi ya kazi Bwana Harusi alikuja amenyoa mpaka kidevu kinang'aa. Vyombo alikuwa ameshavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kibichi na kuvitoa, na nguo amempa mama azifue. Umeme wa chumba akauzima, kwa sababu ukuta uliolowa na waya si marafiki. Kisha akaanza kutundika nailoni: pazia moja la juu mpaka chini likiziba mlango wote, limebanwa pembeni kwa selotepu pana, na la pili ndani yake, hatua mbili nyuma, pakabaki chumba kidogo katikati kama cha kubadilishia nguo. Kila moja lilikuwa na mpasuko wa kupitia, uliofunikwa kwa kipande kinachoning'inia. Dirishani akaweka feni kubwa, uso wake ukiangalia nje kwenye kiwanja kitupu, na madirisha mengine ya upande huo akaomba yafungwe. Waya wa feni akaupitisha chini ya mapazia mpaka kwenye soketi ya korido.

Mshonaji naye alikuwa na jaribio lake. Alijimwagia manukato mpaka mtoto akapiga chafya, akapita mbele ya Bwana Harusi, akarudi, akapita tena akiangusha kitambaa.

"Dada," alisema Bwana Harusi bila kugeuka, "nishikie ngazi hapo."

Mshonaji akashika ngazi. Baadaye alimnong'oneza Mama Kifaranga kwa uchungu, "Hata pua haikucheza! Ama ni mtakatifu, ama ni jiwe."

Mama Kifaranga akaokota kifungo cha pili, akakiweka pamoja na kile cha maziwa.

Bwana Harusi akawasha feni, na mara mapazia yakavutwa kwa ndani. Akamwita Mama Kifaranga. "Unaona lilivyonywea? Kama shavu la mtu anayefyonza pipi. Likiwa hivyo, hewa ya koridoni inaingia ndani na kutokea dirishani. Vumbi la kuvu haliwezi kuja kwenu. Siku ukiliona limevimba kuja huku, ujue mambo yameharibika. Na plagi hii isiguswe na mtu."

"Haitaguswa."

"Dada nawe umesikia? Plagi."

"Mmh," alisema mshonaji, sindano mdomoni, jicho kwenye pindo. Kesho yake kulikuwa na harusi, na suti ya bwana harusi, yule wa kweli, ilikuwa bado mezani kwake.

Sasa ni lazima mjue sheria ya nyumba ile. Soketi ya korido ilikuwa moja tu. Waliokuwa na pasi, simu, birika na redio walikuwa wengi. Kwa hiyo, tangu zamani, kabla hata Mama Kifaranga hajahamia, watu walikubaliana pasipo kikao: mwenye haraka anachomoa cha mwenzake, anachomeka chake, akimaliza anarudisha. Hakuna kuulizana, hakuna kununiana. Mkono wa mpangaji wa nyumba ile ulichomoa plagi kama mkono wa mtu mwingine unavyofukuza nzi. Akili haikuhusishwa.

Bwana Harusi akavaa suti yake nyeupe ya karatasi, glavu, miwani na barakoa nene iliyombana uso kama kikombe. Akaingia. Humo ndani alifanya kazi taratibu. Kwanza aliupulizia ukuta maji yenye sabuni mpaka manyoya yote yakalala, ndipo akaanza kukata mbao vipande vipande, kila kipande akikitia kwenye mfuko wa plastiki pole pole, pasipo kurusha wala kuvunja. Nje ilisikika feni tu.

Mtoto alikuwa amelala kwa mshonaji, mlango wazi kwa sababu ya joto, hatua chache tu kutoka kwenye pazia. Mama Kifaranga alikuwa uani bombani akisuuza nguo zake. Kutoka pale aliweza kuona korido yote, na kila akikamua nguo moja alitupia pazia jicho. Limenywea. Akakamua nyingine. Limenywea. Akakamua ya tatu.

Pazia lilikuwa limesimama wima, limelegea kama shuka kwenye kamba.

Akabaki ameshika nguo ya mtoto, maji yakimchuruzika mpaka kiwiko. Kulikuwa na kitu kingine: hakusikia feni. Na pale alipokuwa akitazama, upepo wa kiwanjani ukaingia dirishani, pazia likaanza kuvimba, likaja koridoni tumbo mbele kama mwenye nyumba. Selotepu ya kona ya juu ikaachia, pa! Na kutoka ndani ukaja mlio: ngo, ngo, ngo, mtu akigonga ukuta.

Mama Kifaranga alikimbia. Njiani akili ilimpa mambo mawili kwa pamoja: mtoto na plagi. Akimbeba mtoto, atapita naye palepale mbele ya pazia. Akienda kwenye plagi, mlango wa mshonaji uko wazi. Akauvuta mlango wa mshonaji kwa mguu, ukajifunga pwaa, kisha akajitupa juu ya ile kona iliyoachia, akaibana ukutani kwa viganja na paji la uso.

Mshonaji alikuwa papo hapo koridoni, amechutama mbele ya ubao wake wa kupigia pasi, mvuke ukipanda, wimbo mdomoni.

"Chomoa pasi!" alipiga kelele Mama Kifaranga. Ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye mwenyewe. "Chomoa! Rudisha feni!"

"Nini tena? Suti ya bwana harusi hii!"

"Bwana Harusi yuko ndani!"

"Si huyo, wa kesho!"

"Wa kesho atasubiri! Chomoa!"

Ngo, ngo, ngo, ukuta ukasema. Mshonaji akatazama plagi aliyoichomeka, akatazama waya unaotambaa kuingia chini ya nailoni, akatazama jirani yake mpole aliyeganda ukutani kama mjusi. Uso ukambadilika. "Mama yangu wee," alisema, akachomoa, akachomeka.

Feni ikakohoa, ikanguruma. Pazia likavutwa kutoka viganjani mwa Mama Kifaranga, likaingia ndani, likanywea. Shavu la pipi. Hakuondoa mikono mpaka mshonaji alipokuja na selotepu, akakata kwa meno, wakabandika pamoja kona ile tabaka juu ya tabaka, kama wanaofunga mzigo wa kuvuka nao bahari.

Kisha wakalowesha vitambaa, wakafuta sakafu ya korido, kuta na kitasa cha mlango. Mshonaji alishika fagio kwa mazoea. Mama Kifaranga alimtazama tu, naye akalirudisha.

Ndipo wakafungua mlango. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, ameamshwa na kelele, ananyonya tepu ya kupimia.

Jioni kabla jua halijazama, Bwana Harusi alitoka. Mifuko ya mbao zilizooza ilikuwa imewekwa mmoja ndani ya mwingine, imesokotwa shingo, imefungwa na kufutwa kwa nje kabla ya kuvuka pazia. Katikati ya mapazia alivua suti akiikunja ndani-nje, uchafu ukabaki umefungiwa, akavua glavu, na barakoa akaivua mwisho kabisa. Akapita moja kwa moja mpaka bafuni uani, na kitambo kidogo akarudi nywele zikidondosha maji, shati limepigwa pasi, msafi kama aliyetoka dukani. Mashavuni, kuanzia puani mpaka kwenye taya, kulikuwa na mistari miwili myekundu.

Mshonaji aliitazama mistari ile muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini, dada?"

"Hakuna. Nimesema kumbe tu."

Bwana Harusi akajishika shavu. "Barakoa hii. Isipobana haifai kitu. Na ukiwa na ndevu hata za jana, hewa inapenya pembeni. Ndiyo maana nanyoa kama mwendawazimu."

"Na kuoga?" aliuliza mshonaji kwa sauti ndogo.

"Nikipanda kitandani na vumbi la kuvu si nimefanya kazi ya bure? Nalitoa kwa mwenye kazi, nalileta kwangu." Kisha akageuka. "Nani aliyeliona pazia?"

Mshonaji, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwachia mtu mwingine hadithi, akanyoosha kidole kwa jirani yake.

"Nilikuwa nimeshika ubao mrefu, nusu umeng'oka nusu umeshika," alisema Bwana Harusi. "Kuuachia ni kuuvunja, vumbi liruke. Kutoka na zile nguo ni kuwaletea mlangoni. Nikabaki nagonga kwa goti kama mbuzi aliyefungiwa. Hapo ndipo nikasikia sauti ya mtu anatangaza kwamba wa kesho atasubiri." Akacheka. "Nilifurahi sana kusikia kwamba mimi ni wa leo."

Mama Kifaranga aliinamisha uso, akamfuta mtoto mate ambayo hayakuwapo.

Siku zilizofuata ukuta uliachwa uchi ukauke. Bwana Harusi alikuja akaugusa, akaupulizia, akaufuta, akaugusa tena. Feni haikuzimwa, na mshonaji alijiteua mlinzi wa soketi. Aliweka kigoda mbele yake, akashonea palepale, na kijana wa chumba cha nne alipokuja na chaja ya simu aliambiwa, "Baba, nenda kachaji kwenye mwezi."

Mwisho, kabla ya kurudisha vitu, Bwana Harusi alimwita Mama Kifaranga peke yake. Mtoto alibaki na mshonaji koridoni, mlango wazi.

"Ingia. Funga macho. Unasikia harufu gani?"

Alifunga macho. Jibu lake lilibeba kila kitu chake: kitanda cha mwanawe kingesimama wapi, kabati lisilogusa tena ukuta, usingizi wake, nusu zote mbili. Akavuta hewa taratibu.

"Sabuni," alisema. "Saruji. Kwa mbali, pasi ya jirani."

"Gunia?"

"Hakuna gunia."

"Kona ile ya kushoto?"

Akapiga magoti, akaweka pua karibu na sakafu, akakaa hapo kuliko ilivyohitajika. "Hakuna."

Bwana Harusi akashusha pumzi ndefu. Mama Kifaranga akainuka akijifuta magoti, na vile vifungo viwili vikapata nguo yake.

"Wewe husikii harufu," alisema. Hakuuliza.

Bwana Harusi alimtazama, akacheka kidogo, akaketi kwenye ndoo aliyoigeuza. "Nilidhani naficha vizuri."

"Maziwa yako yanaungua kila siku."

"Ah, maziwa." Akajikuna kidevu kisicho na kitu. "Nilipokuwa kijana tulipewa kazi ya kusafisha ghorofa ya chini ya ofisi iliyoingia maji. Tulipewa brashi kavu, na kila mtu leso yake mdomoni. Tulikwangua tunaimba. Nilitoka humo nikaumwa mpaka watu wakaanza kunisifu kama wanavyosifu marehemu. Nikapona. Pua haikupona. Baadaye nikaajiriwa na mzee mmoja aliyekuwa hafungui begi kabla ya kutundika nailoni. Tulimcheka. Mimi niliacha kumcheka mapema kuliko wenzangu." Akagusa ukuta kwa kiganja. "Unyevu naujua kwa mkono. Weusi nauona. Lakini kuvu iliyojificha nyuma ya kitu ni pua ndiyo inayoitaja. Mke wangu akija likizo huwa namchukua. Namwingiza nyumba nimeshaimaliza, ananusa kila kona, anapiga chafya za mzaha, tunatoka tunacheka."

Koridoni kikasikika kilio kidogo cha mtu mzima. "Mke wake!" alisema mshonaji peke yake. "Mke halali wa ndoa! Na mimi nimeshasimulia mitaa miwili!"

Wakarudi chumbani kwao. Sitasema kifua cha mtoto kilipona siku ileile, maana vifua si taa. Dawa ya kliniki iliendelea, na kwa siku kadhaa kifaranga alilia bado, pii moja, halafu pii ya kutafuta. Lakini alasiri moja, mtoto akiwa amelala kwenye kitanda chake karibu na dirisha, Mama Kifaranga alisimama ghafla katikati ya kukunja nguo kwa sababu ya kitu asichokisikia. Alisogea, akainama, akaweka sikio. Kifua kilipanda, kikashuka, kimya kama unga unaochekechwa. Akabaki ameinama hapo mpaka kiuno kikamuuma, na nguo hazikukunjwa siku ile.

Wakati huo ndipo mtu alipobisha.

"Hodi."

"Karibu."

Bwana Harusi alikuwa kizingitini, amenyoa, mistari miwili mashavuni ikiwa bado mibichi. Alimtazama mtoto, akashusha sauti.

"Amelala?"

"Amelala. Sikiliza."

Bwana Harusi akasikiliza. Masikio yake yalikuwa mazima. Akatabasamu, kisha akageuzageuza kofia yake mikononi kama mtu aliyekuja kuposa, na kule ng'ambo ya korido mashine ya kushona ikanyamaza ghafla.

"Mama," alisema, "kuna chumba cha watoto wa chekechea nimekimaliza leo. Nimekata, nimefuta, nimekausha, ukuta nimeugusa wote. Kesho asubuhi watoto wanarudi, nao ni wadogo, hawajampita huyu sana. Mke wangu yuko kazini kwake, likizo bado iko mbali." Akajigusa pua. "Na hii mimi nimebaki nayo kama pambo. Kuvu imeshatoka, hutaivuta, nisingekuita kabla. Mtoto atabaki na dada hapo ng'ambo, najua anatusikia."

"Nitakaa naye!" mshonaji alipaza sauti.

Bwana Harusi akavaa kofia, akaivua tena.

"Nakuomba, mama, uniazime pua yako. Twende ukaninusie kona zote kabla hawajaingia."